Nyumba ya Nzuguni: anza na ardhi, vyumba vitasubiri

Dada mmoja mtumishi wa umma ameniandikia kutoka Ilazo, hapahapa Dodoma. Alihamishwa kutoka Dar es Salaam na ofisi yake sasa iko Mji wa Serikali, Mtumba. Mume wake bado yuko Dar. Anaishi na watoto watatu na mama mkwe, na amechoka kupanga. Benki imekubali kumkopesha, na wiki iliyopita dalali alimtumia tangazo hili pamoja na picha tisa:

"Nyumba inauzwa Nzuguni. Vyumba vitatu, kimoja masta. Sebule kubwa, daining, jiko, stoo, choo cha wageni. Kiwanja mita za mraba 640. Fensi na geti. Maji na umeme vipo. Dakika tano kutoka lami. Hati ipo. Milioni 95, maongezi yapo."

Anauliza: "Nimeipenda sana kwenye picha. Nitajuaje kama bei hii ni ya haki, na kama mtaa wenyewe unafaa kulea watoto?"

Dada yangu, kazi yangu ni uthamini wa mali, na nimeifanya katika mji huu tangu enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu mkopo wa nyumba utakata mshahara wako kwa miaka mingi na sitaki uje kuujutia.

Dalali ameanza na vyumba akamalizia na hati. Mimi tangazo kama hili nalisoma kutoka chini kwenda juu. Naanza na hati, nateremka kwenye udongo, napita kwenye maji na mtaa, halafu ndiyo nahesabu vyumba. Chumba kikiwa kibaya utabomoa ukuta na kujenga mwingine. Bati utabadilisha, marumaru utang'oa. Kiwanja kikiwa kwenye njia ya maji utakaa nacho hivyohivyo, na hati ikiwa na mgogoro utatolewa ndani hata kama sebule ni ya kifalme.

"Hati ipo" ni maneno mawili yanayobebeshwa mzigo mkubwa. Kwa jina hilohilo nimewahi kuoneshwa hati miliki yenyewe, yenye namba na muhuri wa Msajili. Nimeoneshwa barua ya toleo, ile tunayoiita ofa. Nimeoneshwa risiti ya kulipia kiwanja, na nimeoneshwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Muuzaji si lazima awe mwongo. Wengi wanaamini kabisa kwamba karatasi waliyo nayo ndiyo hati. Lakini benki yako itataka hiyo ya kwanza, na wewe itake hiyohiyo. Hizo nyingine ni hatua za njiani, na njiani watu hukwama.

Ukipewa nakala, tazama tarehe ya kuanza na idadi ya miaka. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na kinachomilikiwa na mtu ni haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa: miaka 33, 66 au 99. Hapa Dodoma jambo hili lina historia yake. Baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, viwanja vilisimamiwa na CDA, na hati zake zilikuwa za miaka 33. Mei 2017 CDA ilivunjwa, kazi zake zikaenda manispaa, ambayo Aprili 2018 ikawa jiji, na wenye hati za miaka 33 wakaelekezwa wabadilishiwe wapewe za miaka 99. Kwa hiyo muuzaji akikutolea hati ya zamani ya CDA, usiogope, ila mwambie akamilishe kuibadilisha kabla hujatoa hata shilingi. Ukiinunua jinsi ilivyo, foleni hiyo utaipanga wewe, tena kwa jina la mtu mwingine.

Kisha omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utajua mmiliki aliyeandikishwa ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama yupo mtu aliyeweka zuio. Majibu yachukue wewe mwenyewe au wakili wako. Usipokee picha ya upekuzi iliyotumwa na dalali kwenye simu, hata kama ni mtu mliyezoeana.

Muulize muuzaji kama ana mwenzi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mke au mume, hata kama jina lililo kwenye hati ni la mmoja tu. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi na sahihi, na ukiweza zungumza na huyo mwenzi ana kwa ana. Kama mwenye hati ameshafariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa wa marehemu, hata akiwa na funguo zote za nyumba, bado hajawa msimamizi.

Liko swali lingine ambalo wageni wa mji huu hawaliulizi. Mitaa mingi ya pembezoni mwa Dodoma, Nzuguni ikiwamo, ilikuwa mashamba ya wenyeji kabla ya kupimwa. Watu walilima mtama, uwele na karanga hapo ulipo ukuta leo. Mtafute mzee aliyekaa eneo hilo tangu zamani. Msalimie "Mbukwenyi", hata kama ndilo neno pekee la Kigogo unalolijua, kaa naye kidogo, kisha umuulize shamba hili lilikuwa la nani na kama mwenyewe alilipwa fidia. Nimeona kesi zilizoanzia hapo hasa: mnunuzi ana karatasi zake safi, na familia ya shamba nayo haijawahi kukubali kwamba shamba limekwenda. Nusu saa kwenye kigoda cha mzee inaweza kukuepusha na miaka ya baraza la ardhi.

Sasa twende kwenye kiwanja chenyewe. Nenda na mpimaji mwenye ramani ya upimaji, na mbebe jembe. Pembe za kiwanja zina bikoni: kipande cha zege kilichozikwa ardhini, katikati kina chuma, na juu yake kuna herufi na namba. Mara nyingi bikoni imefunikwa na mchanga au fundi aliyejenga uzio ameipitishia ukuta juu. Fukueni, mfute vumbi kwa kiganja, msome namba, mlinganishe na ramani. Bikoni zote zikipatikana na namba zikalingana, moyo wangu unatulia kuliko ninapoona geti la umeme. Mita za mraba 640 ni kama kiwanja cha 20 kwa 32. Pimeni kwa futi kamba kutoka bikoni hadi bikoni. Uzio ukiwa umetoka nje ya bikoni hata kwa mita moja na nusu, umeingia kwa jirani au barabarani, na siku jirani akija na mpimaji wake wewe ndiye utakayebomoa.

Tukiwa kwenye mipaka, "dakika tano kutoka lami" ipimwe kwa miguu, nawe uulize lami ipi. Kama ni barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, ukaribu huo una mpaka wake kisheria. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22 na nusu, na Sheria ya Barabara ya 2007 ndiyo iliyoiongeza. Ukiona alama ya X, ile ya kubomolewa, kwenye ukuta wowote wa karibu, iwe nyekundu au imefifia, simama uulize iliwekwa lini na kwa sababu gani. Vivyo hivyo kwa njia za umeme mkubwa na kwa reli.

Udongo ndipo ningekaa siku nzima kama ningeruhusiwa. Wenyeji wanasimulia kwamba jina la mji huu limetokana na "idodomya", yaani imedidimia, kwa sababu ya tembo aliyekwenda kunywa maji akazama kwenye tope. Mimi nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi sana, na kila ninapokwenda kukagua nyuma ya nyumba yenye ufa huwa naikumbuka, maana sehemu za chini za mji huu zina udongo wa mbuga, ule mweusi. Kiangazi hukauka na kupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Mvua ikinyesha huvimba na kunata. Nyumba iliyosimama juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na kama fundi aliweka msingi wa kawaida bila kuuondoa udongo huo au kufunga nondo za kutosha, kuta zitakatika. Palipoinuka, kuelekea kwenye vilima, utakuta kichanga chekundu na mawe, na hapo nyumba hukaa vizuri. Nzuguni ina vyote viwili, kwa hiyo jina la mtaa peke yake halikutoshi. Chota udongo wa uani, uloweshe maji kidogo, uuvingirishe kiganjani. Ukijiviringisha kama kamba na kung'ang'ania vidole, huo ni mfinyanzi, na fundi mzuri aje auangalie msingi kabla ya mazungumzo ya bei.

Mvua ya Dodoma inadanganya watu wa Pwani. Kwa mwaka tunapata kati ya milimita 500 na 600, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi mingi bila tone. Mgeni akija Agosti anaona korongo kavu lenye mchanga mweupe, watoto wanacheza mpira ndani yake, anadhani ni njia. Lakini hiyo mvua kidogo haiji kidogokidogo. Inashuka kwa saa moja au mbili, ardhi iliyokauka haiwahi kuinywa, na korongo lile linajaa ukingo hadi ukingo mchana mmoja.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapo, na bado linaniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilithamini nyumba ya kijana mmoja aliyekuwa anaoa, kwenye mtaa mmoja wa bondeni. Ilikuwa Oktoba. Nyumba ilikuwa nzuri, imepakwa rangi mpya, uwanja umefagiliwa. Niliandika kwenye ripoti kwamba eneo ni tambarare na halina tatizo la wazi. Mwishoni mwa Januari alinipigia simu usiku. Nilipofika asubuhi, magodoro yalikuwa juu ya ukuta wa uzio, na ndani, kwenye ukuta wa sebule, mstari wa tope ulikuwa umepita chini kidogo ya swichi. Kilichoniumiza zaidi nilikiona nilipozunguka nyuma: chini ya ile rangi mpya iliyoanza kubanduka kulikuwa na mstari mwingine wa zamani, mahali palepale. Ulikuwapo Oktoba. Sikuzunguka nyuma nikainama.

Tangu siku hiyo nainama. Nenda ukuta wa nyuma na ukuta wa uzio, tazama kuanzia chini hadi kimo cha goti. Rangi ya chini ikiwa mpya kuliko ya juu, uliza kwa nini. Ukiona unga mweupe kama chumvi kwenye plasta, ni maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Ukiona majani makavu na vipande vya plastiki vimenasa kwenye seng'enge au kwenye matundu ya uzio wa jirani kwa kimo kinacholingana, maji yamewahi kupita hapo. Muulize mtoto wa jirani, si mtu mzima: "Mvua ikinyesha mnapita wapi kwenda shule?" Atakuonesha kwa kidole.

Kama unaweza kuvumilia, usifunge biashara hii kabla ya kuiona nyumba wakati wa mvua kubwa. Muuzaji atasema kuna mteja mwingine. Huwa yupo mteja mwingine kila mara.

Maji ya kunywa sasa. "Maji yapo" maana yake ni kwamba bomba limefika. Halikuambii yanatoka siku ngapi kwa wiki. DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kwa miaka mingi imetegemea visima vya bonde la Makutupora, upande wa kaskazini mwa mji, vilivyochimbwa kwa ajili ya mji mdogo kuliko huu. Visima vipya vimeongezwa, vingine hukohuko Nzuguni, na hali imekuwa bora kwa baadhi ya mitaa, lakini mgao bado ni sehemu ya maisha. Waulize majirani watatu maji hutoka siku zipi na saa ngapi. Halafu piga hesabu ya familia yako. Ninyi watu wazima wawili na watoto watatu, na mume wako akija ni sita. Kila mtu akitumia lita 60 kwa siku, mnahitaji lita 360. Tangi la lita 1,000 litawaishia siku ya tatu. La lita 2,000 litawafikisha siku ya tano na zaidi kidogo. Tazama tangi lililopo lina ukubwa gani, limekaa juu ya mnara wa zege au wa mbao, na kama mbao zimeanza kuliwa. Onja maji yenyewe, na ufungue birika la jikoni uone ndani: utando mweupe mgumu ukiwa mnene, maji yana chokaa nyingi, na hita ya bafuni haitadumu.

Maji taka usiyasahau. Mtandao wa mabomba ya maji taka haujafika sehemu kubwa ya mitaa ya pembezoni, kwa hiyo nyumba hii ina shimo. Uliza liko wapi, lilinyonywa lini mara ya mwisho, na kama gari la kunyonya linaweza kulifikia bila kubomoa kitu. Kwenye udongo wa mbuga shimo hujaa haraka, maana maji hayana pa kwenda.

Nyumba yenyewe nitaipitia kwa haraka zaidi. Nyufa nyembamba za kama nywele kwenye plasta hazinisumbui. Ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha ukapanda kwa mshazari, na ambao sarafu ya shilingi 200 inaingia kwa ukingo wake, huo unanisumbua, na ukiwa unaonekana ndani na nje ya ukuta uleule, mlete fundi. Ingia darini na tochi. Jipsamu huficha mambo mengi, na hapa mchwa ni adui wa kila siku: ukiona vijia vya udongo vinapanda kwenye mbao za kenchi, gonga kwa ufunguo usikie kama ndani kuna uwazi. Angalia pia jinsi kenchi zilivyofungwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta. Kuanzia katikati ya mwaka upepo wetu unavuma kwa nguvu, zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na bati la upande huo ndilo huanza kulia usiku. Wagogo walilijua hilo zamani sana. Tembe yao ilijengwa fupi, paa la udongo bapa, upepo ukapita juu yake bila kupata pa kushika. Sisi tunajenga mapaa marefu yenye migongo minne kwa sababu yanapendeza, basi angalau yafungwe vizuri. Na kama upande wa mashariki wa kiwanja chako kuna uwanja mtupu usio na miti, jiandae kufuta vumbi kwenye meza kila asubuhi hadi mvua zirudi.

Omba pia kibali cha ujenzi na michoro iliyopitishwa na jiji. Nyumba nyingi zilianza na vyumba viwili vyenye kibali, zikaongezwa kimoja bila kibali. Ukikuta chumba cha tatu kina sakafu iliyopishana kwa sentimita moja na korido, hicho kimeongezwa baadaye, na mara nyingi msingi wake ni mwingine.

Kuhusu mtaa, nina neno zuri. Nzuguni iko upande wa mashariki, kwenye barabara ya Dar es Salaam, kati ya mjini na Mtumba. Mji wa Serikali uko kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, na kutoka Nzuguni hutakuwa unavuka mji kila asubuhi kama wanavyofanya wanaotoka magharibi au kaskazini. Viwanja vya Nanenane, stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai viko upande huohuo, kwa hiyo mboga, nyama na usafiri havitakusumbua. Reli ya SGR imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, safari ya kama saa nne, na mume wako anaweza kutoka kazini Ijumaa akala chakula cha usiku na watoto. Hayo ni mambo yaliyopo tayari, na ni halali kuyalipia.

Ninachokuomba ni kutolipia yasiyokuwapo. Tangu Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma kwa vitendo, madalali wengi wanauza mji wa miaka ijayo kwa bei ya leo. Utaambiwa kuhusu barabara ya mzunguko ya kilomita 112, uwanja wa ndege wa Msalato, na lami inayokuja mbele ya geti. Barabara ya mzunguko inapita Mtumba na Ihumwa, na Msalato uko kaskazini kabisa mwa mji. Ni miradi ya kweli na ina faida kwa jiji lote, lakini haiongezi thamani ya kila ukuta wa Nzuguni kwa kiasi kilekile. Lami ya mtaa wako ihesabu siku utakapoikanyaga.

Nenda mtaani mara tatu kwa nyakati tofauti. Saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, uone bodaboda na daladala zinapatikanaje na watoto wa shule wanavuka barabara kuu wapi. Magari ya mizigo yanapita hapo kwa kasi, na kwa watoto watatu hilo ni jambo la uhai. Jumamosi usiku, usikie muziki unatoka wapi na unanyamaza saa ngapi. Na siku moja ya katikati ya wiki mchana, uende kwa mwenyekiti wa mtaa umuulize kama kuna mgogoro wowote ulioletwa kwake kuhusu nyumba hiyo. Fikiria na mama mkwe: zahanati iko umbali gani kwa miguu yake, na njia ina kivuli? Hapa jua la saa nane halina huruma kwa mtu mzima.

Bei nimeiacha hadi hapa makusudi. Mthamini huitenganisha katika mafungu mawili. Tafuta viwanja vitupu vya ukubwa huo, mtaa huohuo, vilivyouzwa karibuni. Waulize walionunua, maana bei anayotaja muuzaji na bei iliyolipwa ni vitu viwili. Tuseme, kwa mfano tu, kiwanja kitupu kinauzwa milioni 25. Basi unaulizwa milioni 70 kwa jengo, uzio, geti, tangi na shimo. Mpe fundi mjenzi unayemwamini vipimo vya nyumba, akuambie kuijenga leo upya kungegharimu kiasi gani, kisha punguza kwa umri na kwa kila kasoro uliyoiandika: ufa, kenchi, tangi dogo. Kasoro zipeleke mezani kwa maandishi na gharama yake. "Maongezi yapo" ni mlango. Ingia nao ukiwa na karatasi.

Benki itamtuma mthamini wake, na lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Ripoti yake isome kwa makini, lakini ujue anajibu swali la benki: nyumba hii ikilazimika kuuzwa haraka, fedha zitarudi? Hakuulizwa kama watoto wako watalala pakavu.

Weka akiba ya gharama za pembeni. Ushuru wa stempu ni asilimia moja ya thamani. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, na mkataba uliseme hilo waziwazi kwa sababu uhamisho hausogei bila kodi hiyo kulipwa. Hakikisha kodi ya pango la ardhi haina deni, maana deni linafuata kiwanja. Kodi ya majengo utailipa kidogokidogo kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Angalia kama mita ya sasa haina malimbikizo. Malipo yote yapite benki, kwa akaunti yenye jina lililo kwenye hati, na fomu za uhamisho zisainiwe mbele ya wakili unayemlipa wewe.

Kwa ninavyoliona tangazo lako, mahali ni pazuri kwa kazi yako na kwa familia yako, na bei haiko mbali na ya kuzungumzika ikiwa udongo na karatasi vitaitikia. Usitoe "kishika uchumba", yaani malipo ya awali, kwanza. Mwombe dalali vitu viwili leo: nakala ya hati kurasa zote, na picha ya ukuta wa nyuma kuanzia chini. Nimezirudia picha tisa alizokutumia, mara mbili. Tano ni za sebule na jiko, mbili za geti, mbili za mbele ya nyumba jua likiwa limewaka. Upande wa nyuma haumo hata kwenye moja. Akikutumia, nitumie na mimi.